Msingi wa nyumba ulipwe hatua kwa hatua

Mvua zinapokoma mjini Likasi, kuanzia mwezi wa tano, matofali yanachomwa kila upande na mafundi masoni wanatafutwa Kikula, Panda, Shituru na komini ya Likasi yenyewe. Ni wakati mzuri wa kuchimba msingi, maana udongo ni mkavu. Ni wakati huo pia familia nyingi zilizokimbia makwao, zilizokusanya franka kidogo kidogo ili ziache kupanga, zinampa fundi pesa zote siku ya kwanza. Hapo ndipo shida inapoanza.

Kumlipa fundi yote mbele ni kosa, hata akiwa ndugu wa kanisa. Ukuta ukipinda, kila mpita njia anauona. Lakini msingi ukisha kufunikwa, hakuna anayejua kama mtaro ulichimbwa sentimita 60 ao 25, wala kama simenti iliyoingia ni mifuko 10 ao 6. Jibu linakuja mvua zinaporudi na maji yanaposhuka vilimani: ufa kwenye kona ya dirisha, kisha ukuta unakaa upande. Wakati huo fundi yuko kwenye kazi nyingine, pengine Lubumbashi ao Kolwezi.

Kwa aliyekwisha kupoteza nyumba mara moja, hasara hiyo ni nzito zaidi. Likasi inajua maana ya kulala nje: katika miaka ya 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, waliofukuzwa majumbani mwao, walilala gare wakingojea treni. Familia ya namna hiyo haina mahali pa kupata pesa za mara ya pili.

Dawa si kumwita fundi mwizi. Dawa ni kugawanya malipo kwa hatua tatu. Kwanza kuchimba: mtaro upimwe kwa mita, sakafu yake iwe udongo mgumu, na kama kiwanja kilikuwa na kichuguu, kitolewe chote mpaka chini, maana udongo wake wenye mashimo unashuka. Pili kujenga mawe. Tatu kupandisha msingi juu ya ardhi ili maji yasifikie matofali, zaidi sana yale yasiyochomwa. Kila hatua ilipwe ikisha kuonekana, mbele ya kufunikwa. Simenti inunuliwe na mwenye nyumba mwenyewe, na mifuko mitupu ihesabiwe kila jioni.

Mafundi wanasema hawawezi kuchimba na njaa. Ni kweli. Wapewe avansi ndogo ya chakula cha juma la kwanza, ikatwe kwenye hatua ya kwanza. Tena mafundi nao wanadanganywa: wengi wamemaliza kazi, mwenye nyumba akawaambia warudi kesho, na kesho hiyo haikufika. Malipo ya hatua yanawalinda wao pia.

Yote yaandikwe kwenye karatasi: urefu, kina, bei, siku ya kumaliza, sahihi mbili na mashahidi wawili. Sheria ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ambayo Kongo ingali inaifuata, inasema mapatano yaliyofanywa kwa haki ni sheria kwa wale waliopatana. Lakini maneno ya mdomo yanakanwa kwa urahisi. Shefu wa kartie anaweza kuwa shahidi, na kwa familia za wakimbizi ingefaa afanye hivyo bila kudai kitu.

Jiwe la kwanza lisishuke mtaroni mpaka baba ao mama wa nyumba ashuke mwenyewe na mita mkononi. Fundi wa kweli hatakasirika. Yule anayekasirika, afadhali ajulikane siku hiyo kuliko mwezi wa kumi na mbili.