Je, Hesabu ya Kutajwa Yapima Nini?

Kila mwalimu wa kemia au bayolojia analijua jaribio la bayureti. Mwanafunzi hutia ute wa yai katika neli ya kioo, akaongeza haidroksaidi ya sodiamu, kisha matone machache ya salfeti ya shaba. Ikitokea rangi ya zambarau, protini imo. Ni wachache wanaojua kwamba jaribio hilo la darasani ni ndugu wa karibu wa mbinu iliyoelezwa katika makala ambayo, kwa hesabu iliyotolewa na jarida la Nature mwaka 2014, ndiyo iliyotajwa na wanasayansi kuliko nyingine zote: zaidi ya mara 305,000.

Makala hiyo iliandikwa na Oliver Lowry na wenzake watatu wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, ikachapishwa mwaka 1951. Haikutangaza ugunduzi wa kustaajabisha. Lowry aliichukua shaba ile ile ya bayureti, akaiunganisha na dawa ya Folin ambayo waliomtangulia walikwisha itumia, akaeleza hatua kwa hatua namna ya kupata rangi ya buluu ambayo ukolezi wake waonyesha kiasi cha protini, hata kikiwa kidogo mno. Kwa kuwa maabara nyingi za bayokemia hazina budi kupima protini, kila aliyepima kwa njia hiyo alimtaja Lowry. Mwenyewe alikiri kwamba haikuwa makala kubwa. Kazi yake ya kupima vimeng'enya ndani ya seli moja tu ya neva, kwa mizani ya uzi wa kwatsi mwembamba kuliko unywele, ilikuwa ngumu zaidi, nayo haikutajwa hata kwa sehemu ndogo ya kiasi hicho. Na makala ya Watson na Crick ya mwaka 1953 juu ya umbo la DNA haikuwamo hata katika 100 za kwanza!

Basi hesabu hii yapima matumizi, tena matumizi ya wale tu wanaoandika makala. Eugene Garfield, aliyeanza kuchapisha faharasa ya marejeo huko Philadelphia mwaka 1964, alikusudia kumsaidia mtafiti kuzipata kazi zinazohusiana na yake. Baadaye chombo cha kutafutia kikageuzwa mizani ya kuwapimia watu. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kingine: mtafiti mwenye makala 10, kila moja ikiwa imetajwa angalau mara 10, hupewa 10. Kwa kipimo hicho, mtu aliyeandika makala moja tu, hata ikitajwa mara 305,000, hupewa 1.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Muhogo mchungu usiotayarishwa vyema hubakiwa na sianidi, na mahali penye upungufu wa protini waweza kuleta konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Umepata kuzuka Kongo, Msumbiji na hapa Tanzania. Howard Bradbury, mwanakemia wa Canberra, Australia, alibuni njia rahisi: unga huloweshwa kwa maji, ukatandazwa tabaka jembamba kivulini kwa saa 5, na kimeng'enya cha muhogo wenyewe kikaiachia sianidi itoke kama gesi. Ndipo ugali hupikwa. Akina mama wa wilaya ya Popokabaka, Kongo, walipofundishwa njia hiyo, na kuishika, visa vipya vya konzo vilikoma kijijini mwao. Hakuna hata mmoja wao aliyeandika makala ya kumtaja Bradbury.

Nawaambia haya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, kwani baadhi yao watakuwa watafiti, nao watashawishiwa kuchagua swali la kuchunguza kwa kutazama nani atawataja. Mwenye kuchunguza muhogo, wadudu waharibuo mahindi ghalani au maji ya visima vya chumvi asitazamie umati wa kumtaja.

Sisemi tarakimu zitupwe. Lakini mhadhiri aombapo cheo, na alete makala zake 3 au 4 anazoziona bora, wajumbe wazisome, kisha wamwulize ni nani anayezitumia. Kusoma hivyo huchukua siku nzima, nami nimeona wajumbe wakikukwepa. Kuhesabu huchukua dakika 10.