Moyo Ukipapatika Tusiulaumu Upepo

Waswahili hatukupungukiwa na maneno ya moyo. Moyo hupenda, hukataa, huingia ubaridi, hufanya kutu. Lakini moyo wenyewe, lile pande la nyama lililo kifuani, kadiri ya ngumi ya mwenyewe, hatuna habari nalo mpaka lituangushe. Na likituangusha, la kwanza tulisemalo ni upepo, la pili ni jicho la mtu.

Nasema haya nikiwa mkazi wa Frere Town, si mbali na ile kengele ya Kengeleni, na nikiwa mtu ambaye moyo wake umetiwa waya na kuchomwa ndani. Ndugu msomaji usitishike na neno hilo. Moyo huenda kwa umeme wake wenyewe, umeme mdogo mno, unaoanzia juu katika chumba cha kulia. Mahali hapo palitambuliwa mwaka wa 1907 na wataalamu wawili wa Uingereza, Keith na Flack. Amri hutoka hapo na moyo mzima hufuata, mfano wa maamuma nyuma ya imamu. Maradhi yangu ni kwamba maamuma walianza kusali kila mtu na yake: vyumba viwili vya juu vikawa vinatetemeka badala ya kupiga. Daktari hupitisha waya mwembamba katika mshipa wa paja hadi moyoni, akachoma vijisehemu vinavyoleta fujo, na kovu likishika, ule umeme wa fujo haupiti. Mwaka wa 1998 Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba fujo hilo mara nyingi huanzia katika mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni.

Hayo ya hospitali ni mepesi. Mazito ni ya kurudi nyumbani, kwani watu wetu hawana mgonjwa wa katikati. Ama umepona, rudi kazini. Ama u maiti atembeaye, na wageni wakuzuru wakikuhadithia habari za fulani aliyekufa kwa moyo vilevile. Moyo ukipapatika tena usiku, mtaa mzima unajua kufikia alfajiri kwamba pesa zimeliwa bure. Sivyo. Miezi miwili hadi mitatu ya mwanzo moyo una jeraha, na kujikwaa kwake hakuonyeshi kwamba kazi imeharibika. Wako wanaohitaji kuchomwa mara ya pili, na wako wanaoishi na masalio kwa vidonge. Mimi ni wa hao wa mwisho. Mara moja moja, hasa nikilalia ubavu wa kushoto, huruka kama kuku aliyefungwa miguu. Hukaa kitako, nikashika mshipa wa mkono, nikahesabu. Ukija na kizunguzungu, kifua kubana au kuzimia, hapo si pa kuhesabu, ni hospitali. (Na anayedhani kushika mshipa ni mambo ya Kizungu, Ibn Sina, aliyefariki mwaka wa 1037, aliyaeleza mapigo ya mshipa kwa kirefu katika Qanun yake.)

Jambo linalonitia hofu hasa ni damu. Chumba kinachotetemeka hakisukumi damu ikatoka yote. Hutuama, hufanya donge, na donge likipanda ubongoni ndicho kiharusi. Ni wangapi tumewazika, au tunawageuza kitandani mpaka leo, tukisema wamepigwa na upepo? Sina ugomvi na kombe wala dua. Nimesomewa na nikashukuru. Ugomvi wangu ni na yule anayemwambia mgonjwa aache vidonge vya kuzuia damu isigande maadamu anakunywa kombe. Utulivu wa moyo si ruhusa ya kuviacha, hata baada ya kuchomwa. Hilo huamuliwa na daktari. Na mwenye warfarini asichanganye na mizizi asiyoijua, maana damu yaweza kukataa kusimama. Mchicha na kisamvu hakukatazwa, ila ale kwa kadiri ileile siku zote, si leo sufuria na kesho hapana.

Kisha Ramadhani. Wazee wetu huona haya kula mchana, hata yule ambaye sharia yenyewe imemwekea ruhusa wazi katika Sura ya Al-Baqara, alipe siku nyingine, au atoe fidya ikiwa maradhi hayana tumaini la kupona. Yupo anayefunga kwa siri ya daktari, akameza vidonge vya asubuhi na jioni vyote kwa pamoja wakati wa kufuturu. Huko ni kuchezea roho. Wako wagonjwa wa moyo wanaoweza kufunga, tena bila ya taabu, lakini saa za dawa hupangwa upya na ajuaye, na mwili ukikaukiwa na maji moyo huwa mwepesi kuchafuka. Mambo haya huulizwa Shaaban, si usiku wa kuandama mwezi.

Ningependa mashekhe wetu wa Kisauni walitie hili katika hotuba ya Ijumaa mbili za mwisho kabla ya mfungo, na daktari wa moyo aalikwe baada ya sala aulizwe maswali mbele ya watu. Mzee akisikia kwa imamu na kwa tabibu siku moja, msikiti mmoja, atakwenda kuuliza habari za vidonge vyake.