Sumukuvu kwenye mahindi: cheti cha mpakani hakitoshi

Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliiandikia forodha kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa madai ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe na kila shehena iwe na cheti kuonyesha aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Kiwango hicho ni cha Jumuiya ya Afrika Mashariki na si cha kubezwa. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, na mahindi yaliyowaua yalikuwa hasa ya mashamba yao wenyewe, hayakuvuka mpaka wowote.

Kasoro ya cheti ni kwamba kinaeleza sampuli ilivyokuwa siku ilipopimwa, wakati sumu hii inatengenezwa na kiumbe hai. Kuvu ya Aspergillus flavus hula wanga na mafuta ya punje, ikavivunja kuwa vipande vidogo vya kaboni. Sehemu ya vipande hivyo huitumia kukua na kupata nguvu. Kasi ya kukua inapopungua, vingine huunganishwa hatua kwa hatua kuwa aflatoksini. Vinasaba vinavyoendesha kazi hiyo huwashwa na mazingira. Joto la karibu nyuzi 30 huvichochea sana. Likifika 37 kuvu bado inastawi, lakini sumu hupungua. Ndiyo maana wingi wa ukungu unaoonekana si kipimo cha sumu. Punje safi kwa macho inaweza kuwa nayo, na kuianika baadaye au kuipika hakuiondoi.

Sasa fikiria lori lenye mahindi mabichi-mabichi, limefunikwa turubai, likisubiri karatasi mpakani siku kadhaa. Kuvu haisubiri. Shehena iliyopimwa ikakutwa na sehemu 8 inaweza kufika sokoni ikiwa imevuka 10, na muuzaji akaitwa tapeli. Tena sumu hujikusanya kwenye punje chache, hivyo sampuli mbili za gunia moja zinaweza kutoa majibu tofauti kabisa. Wapimaji wa nchi mbili wanaweza kubishana na wote wakawa wamesoma mashine zao sawasawa.

Katika mvutano huu mwenye malori kumi hugawanya gharama ya maabara. Mama mwenye magunia matatu hana pa kuigawanyia, atapita njia ya panya, na mahindi yake hayatapimwa na mtu yeyote.

Kinachoizuia kuvu kufanya kazi ni kukosa maji. Viwango vya Jumuiya vinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na kipima unyevu cha mkononi hutoa jibu papo hapo bila mkemia. Mahali pake ni masoko ya kununulia kama Kibaigwa, kabla gunia halijashonwa, siyo Namanga lori likiwa tayari kwenye foleni.