Una Mimba? Usimwachishe Mtoto Ziwa Ghafla

Jambo hili hutokea katika vijiji vingi. Mama ananyonyesha mtoto wa mwaka mmoja. Kisha anatambua kuwa ana mimba nyingine. Majirani humwambia, "Mwachishe ziwa leo! Maziwa yako yameharibika. Utambemenda mwanao." Basi mama hupaka pilipili au mwarobaini kwenye chuchu. Wengine humpeleka mtoto kwa bibi yake.

Mimi nasema desturi hii inaumiza watoto. Tuiache.

Maziwa ya mama mwenye mimba si sumu. Ni kweli kwamba mimba inapokua maziwa hupungua, na ladha yake hubadilika. Watoto wengine huacha kunyonya wenyewe. Hilo si ugonjwa.

Kwa nini basi mtoto huyu hudhoofu? Mara nyingi ni kwa sababu ya njaa. Jana alinyonya mchana na usiku. Leo amenyang'anywa ziwa, akapewa uji wa mahindi mtupu. Uji huo hujaza tumbo, lakini hautoshi kujenga mwili. Siku zinapita. Miguu na uso huvimba. Nywele hubadilika rangi. Mtoto hataki kucheza. Huo ni utapiamlo, nao huitwa kwashiakoo.

Jina hilo limetoka katika lugha ya Waga wa nchi ya Ghana. Daktari Cicely Williams alifanya kazi huko, akaliandika jina hilo mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake anapokuja. Waga walikuwa wameona ni mtoto yupi anayeugua.

Sisi tunasema mtoto amebemendwa. Mama analaumiwa. Baba anaambiwa alitembea nje. Wazazi wanagombana, au wanatafuta dawa ya kuondoa mabaya. Wakati huo mtoto anazidi kuisha. Mtoto aliyevimba anaweza kufa. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Lawama hazimponyi mtoto.

Mama mwenye mimba anayenyonyesha afanye hivi:

1. Aendelee kunyonyesha kama ana afya njema. Mtoto anafaa kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Akitaka kumwachisha, amwachishe polepole.

2. Mtoto aliyetimiza miezi sita apewe pia chakula cha kujenga mwili. Changanya uji na karanga zilizosagwa. Mpe maharage, dagaa, mayai, mboga za majani na matunda. Mtoto wa mwaka mmoja ale mara tatu au nne kwa siku.

3. Kama mtoto hajatimiza miezi sita, mama awahi kliniki. Maziwa yakipungua, mtoto huyo hana chakula kingine. Apimwe uzito mara kwa mara.

4. Mama ale zaidi, apumzike, na ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Anabeba mmoja na kunyonyesha mwingine.

5. Akitokwa na damu au akiumwa tumbo, aende zahanati mara moja. Aliyewahi kuharibikiwa mimba au kuzaa kabla ya wakati, na mwenye mimba ya mapacha, amwulize mhudumu kwanza kama aendelee kunyonyesha.

6. Mtoto mchanga akizaliwa, yeye anyonye kwanza. Maziwa ya kwanza ya njano ni kinga yake. Mkubwa afuate.

Baba, nawe una kazi. Mke wako asibebe kuni na maji peke yake. Yai la kuku wako mpe mtoto kabla hujafikiria kuliuza. Kisha nendeni wote wawili kliniki mkaulize juu ya uzazi wa mpango. Ni vizuri mtoto atimize miaka miwili kabla mama hajapata mimba nyingine. Lakini mimba ikija mapema, mtoto aliyezaliwa kwanza asiadhibiwe kwa njaa.

Ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma. Jirani yako akiambiwa apake pilipili, msomee maneno haya.