Samadi Nyuma ya Banda ni Suala la Afya Pia

Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ng'ombe wengi wa maziwa hulishwa bandani. Majani hukatwa na kubebwa hadi nyumbani, mara nyingi vichwani mwa wanawake, na samadi hurundikwa nyuma ya banda ikisubiri kupelekwa kwenye migomba na mibuni. Utaratibu huu umerutubisha vihamba kwa vizazi vingi na unastahili heshima. Hata hivyo, rundo hilo hilo ni chanzo cha gesi zinazoipasha dunia joto. Mjadala wa gesi hizo umeachiwa wataalamu wa mifugo na wa mazingira. Wahudumu wa afya nao wanapaswa kuuingia, kwa kuwa njia bora za kuzipunguza zinaweza pia kupunguza magonjwa nyumbani.

Samadi inapokaa ikiwa imelowa na kushindiliwa, oksijeni haipenyi ndani yake. Vijidudu visivyohitaji oksijeni huimeng'enya na kutoa methani, na joto la mazingira huharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana shimo la samadi ya majimaji hutoa methani nyingi kuliko samadi iliyokauka. Katika kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani huipasha dunia joto takriban mara 28 ya kilo moja ya hewa ukaa. Katika kipindi cha miaka 20, takriban mara 80. Lakini methani hudumu angani kwa miaka 12 hivi tu, hivyo manufaa ya kuipunguza huonekana mapema. Gesi hiyo pia huchangia kuundwa kwa ozoni karibu na ardhi, ambayo huwasha njia za hewa na kuzidisha pumu. Rundo hilo hutoa vilevile oksidi ya nitrasi na amonia, ambazo kwa mkulima ni naitrojeni, yaani mbolea, inayopotea hewani.

Lipo pingamizi la haki. Mwenye ng'ombe wawili kule Rombo siye aliyeivuruga hali ya hewa ya dunia. Isitoshe, sehemu kubwa ya methani ya ng'ombe hutoka kinywani anapocheua, si kwenye samadi. Kumtaka mfugaji huyo alipe deni la mataifa yenye viwanda ni dhuluma. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu ushauri kuhusu samadi usianzie angani. Uanzie jikoni.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa nishati chafu majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Nimonia ya mtoto, ugonjwa sugu wa mapafu wa bibi asiyewahi kuvuta sigara, kiharusi na mtoto wa jicho ni sura mbalimbali za moshi huo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Nishati hiyo isidhaniwe kuwa ni gesi ya mitungi tu, kwani kaya yenye ng'ombe bandani tayari ina malighafi. Katika mtambo wa biogesi, methani ambayo ingepotea hunaswa na kuchomwa jikoni bila moshi wa kuni, na tope linalobaki hurudi shambani kama mbolea. Ujuzi huu si mgeni nchini: kituo cha CAMARTEC mjini Arusha kimeushughulikia kwa miongo kadhaa, na programu ya kitaifa ya biogesi majumbani ilianza mwaka 2009.

Mtambo, hata hivyo, si muujiza. Unahitaji mtaji, maji kila siku, na fundi wa kuziba nyufa. Mtambo unaovuja huirudisha methani angani, na ule ulioachwa bila matunzo humrudisha mama kwenye mafiga. Aidha, joto la mitambo ya kawaida haliui vimelea wote. Mayai ya minyoo yaweza kustahimili. Tope lisimwagwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kulishika.

Asiyeweza kujenga mtambo hajafungiwa njia. Samadi iondolewe bandani mara kwa mara, ichanganywe na majani makavu na kugeuzwa ili hewa ipite, kisha ifunikwe mvua isiiloweshe. Mboji inayofikia joto la nyuzi 55 kwa siku kadhaa, huku ikigeuzwa ili sehemu zote zipate joto hilo, huua vimelea wengi. Rundo likae mbali na kisima na jiko. Shimo la samadi ya majimaji ni hatari ya pekee: likikorogwa hutoa salfaidi ya hidrojeni, gesi ambayo ikizidi hulemaza uwezo wa kunusa kabla haijaua. Anayemrukia mwenzake shimoni ili kumwokoa huweza kufa pamoja naye.

Kwa hiyo mhudumu anayempokea mtoto mwenye kikohozi kinachojirudia aulize nyumbani wanapikia nini, kama wana ng'ombe, na samadi inakaa wapi. Majibu yakionyesha uwezekano wa biogesi, familia ielekezwe kwa afisa mifugo wa kata. Yakionyesha rundo lililo kando ya kisima, afisa afya ahusishwe. Maswali hayo hayachukui dakika mbili wala hayahitaji kifaa.

Serikali za mitaa nazo zina wajibu. Mkopo au ruzuku ya mtambo isiyoambatana na huduma ya ukarabati ni fedha iliyofukiwa ardhini. Na kwa kuwa anayebeba majani, kuzoa samadi na kuvuta moshi mara nyingi ni mwanamke, ilhali uamuzi wa fedha aghalabu huwa wa mwanamume, elimu hii iwafikie wote wawili. Banda na jiko viko katika ua mmoja. Idara zinazovisimamia hazina sababu ya kuishi mbalimbali.