Unyanyembe si Nukta: Majina ya Mahali na Ufundishaji wa Ramani za Kidijitali

Ufundishaji wa ramani za kidijitali huanza, mara nyingi mno, na data zilizokwisha kuandaliwa kuhusu miji ambayo mwanafunzi hajapata kuiona. Makala haya yanashikilia kuwa mwanafunzi wa Tabora aanzie Kwihara, palipokuwa na tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji.

Hoja si uzalendo. Programu humtaka mchoraji achague: nukta, mstari au eneo. Kwa mgeni uchaguzi huo ni wa kiufundi tu. Kwa mwenyeji ni suala la maana. Unyanyembe, kama kiambishi u- kinavyodokeza, ilikuwa nchi yenye mtemi wake, wala si kituo. Anayeiweka kuwa nukta amepotosha semantiki ya jina. Kazeh, jina alilolitumia Burton alipofika Tabora mwaka 1857, limekwisha kutoweka vinywani; lisifutwe, bali liwekwe katika tabaka lake pamoja na mwaka wake. Njia nayo haikuwa mstari mmoja. Mwaka 1871 vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora viliifunga, Stanley akalazimika kuzungukia kusini ili afike Ujiji. (Mji wa Urambo ungali unabeba jina la mtemi huyo.)

Anayechora London kutoka mbali hajiwi na maswali haya. Wanajiografia wasiachiwe kazi hii peke yao: wazee wa Kwihara waulizwe wangali hai, matamshi yao yarekodiwe, na majina yaingizwe kama yanavyotamkwa, si kama wasafiri walivyoyaandika kwa tahajia zao.