Mluzi, Gitaa na Mjeledi

Kijana wa Ipole, mkoani Tabora, apendaye muziki asivunjike moyo kwa kukosa vyombo vya thamani. Mwaka 1964 Ennio Morricone, mpiga tarumbeta wa Roma, alitunga muziki wa filamu ya Sergio Leone, "A Fistful of Dollars", iliyotengenezwa kwa fedha kidogo. Badala ya okestra kubwa, alitanguliza mluzi, gitaa la umeme na mlio wa mjeledi. Dunia ikamsikiliza, mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 87, alitunukiwa Oscar.

Wapagazi wa Kinyamwezi nao walipotoka Tabora kwenda pwani, ngoma, baragumu na nyimbo ziliwatia nguvu njiani. Basi wazazi, mtoto akipuliza filimbi yake ya mwanzi, tusimnyamazishe, tumsikilize.